Usimsemeshe Mhusika

Treni ilipoingia kwenye stesheni ile, kinyozi alikuwa tayari amesimama mlangoni, begi begani, mkono umeshika chuma, kama mtu anayeogopa kwamba mji utampita akiwa amekaa. Hakuwa na ndugu pale wala jamaa. Hakuwahi kupakanyaga. Lakini jukwaa lile alilijua kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe, na yeye ni mtu anayeshinda mbele ya kioo kutwa nzima. Alilijua kwa picha moja tu. Njia nzima alikuwa akiivuta kwa vidole viwili, akaivuta tena na tena mpaka ikawa madoadoa: benchi la mbao lililobanduka rangi ya kijani, nguzo yenye saa iliyosimama, pipa la taka, na katikati ya vitu hivyo msichana mwenye mkoba mapajani, ameinamisha kichwa.

Benchi lilikuwepo. Nguzo na saa yake zilikuwepo. Msichana hakuwepo, na kinyozi, baba yake, hakutegemea kumkuta; picha ilipigwa kabla hajafunga safari. Hata hivyo alisimama palepale, abiria wakimgonga kwa mizigo yao, mpaka mama mmoja mwenye ndoo kichwani akamwambia, "Baba, kama umepotea uliza, kama hujapotea sogea."

Akasogea. Akaketi kwenye benchi, upande uleule, na bila kutaka akajikuta anahesabu mbao zake ili azigeuze kuwa herufi. Akajishika magoti kwa mikono miwili, kama mtu anayemzuia mbuzi asitoroke. "Acha," akajiambia kwa sauti. "Acha, mjinga wewe."

Kipaza sauti juu ya kichwa chake kikakohoa, kisha ikatoka sauti ya mwanamke, laini na yenye mpangilio, ikitangaza kwamba treni ya kwenda mwisho wa reli itachelewa kidogo na abiria wanaombwa radhi. Kinyozi akainua uso. Sauti ile pia aliijua. Mwenye sauti hiyo ndiye aliyempiga picha mwanawe.

Mtu mzima na akili zake hafiki mahali pa kuhesabu mbao za benchi kwa siku moja. Ilianza miaka mingi nyuma, saluni, katika chumba kilichobanwa kati ya fundi redio na muuza rangi za nyumba. Mkewe alifariki binti yao akiwa bado hajaota meno ya pili, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia, mtoto akakulia kwenye benchi la wateja wanaosubiri zamu. Alikuwa na mdomo usiolala. Wateja wakambandika jina Chiriku. "Baba," angesema, miguu ikining'inia, "huyu mjomba kisogo chake kina ngazi, angalia usije ukaanguka." Saluni ingecheka, na mjomba mwenyewe angeshika kisogo kwa wasiwasi.

Ili atulie, baba yake akawa anamtegea vitendawili huku ananyoa. Kitendawili! Tega! Wakati mwingine mtoto ndiye aliyetega, na mkono wa kinyozi ungesimama hewani, mteja amejaa povu upande mmoja wa kidevu, wote watatu wakifikiri. Walioshindwa walitoa mji, kama desturi ya vitendawili ilivyo, na kwa kuwa Chiriku alishinda mara nyingi, alipofika darasa la saba alikuwa na miji kuliko rais. "Baba, nitakupa mmoja ukizeeka," alikuwa akimwahidi.

Karatasi ilikuja alipokuwa anamaliza sekondari. Mtu asiyejulikana aliibandika ukutani mwa saluni: mchoro wa mlango usio na kitasa, na chini yake mistari ya herufi zisizo na maana. Kinyozi alichukua kisu aikwangue, maana watu wa matangazo hawana adabu, hawaombi ruhusa. Chiriku akamshika mkono. "Usiibandue, baba. Hii inasema kitu." Akakaa nayo siku kadhaa, akizigeuza herufi huku na huku, na mwisho zikatoa namba ya simu. Walipiga wakiwa wameshika simu katikati yao, masikio mawili, shavu kwa shavu. Mzee mmoja akasoma sentensi moja taratibu, akakata.

Sentensi ile, walipoifumbua, iliwaingiza kundini. Humo mtandaoni walikuwemo watu wa kila namna, wa miji mbalimbali, wasiojuana kwa sura wala kwa majina ya nyumbani; kila mmoja alijipa jina la kundi. Wote walikuwa wakimtafuta Mpiga Chapa. Huyo, kwa mujibu wa hadithi, alitoweka na funguo za nyumba yenye milango mingi, akawa anaacha alama: kwenye mabango, kwenye tangazo la redio saa ambayo hakuna anayesikiliza, nyuma ya risiti ya duka fulani. Ulikuwa mchezo, na walioutunga hawakujulikana. Lakini sheria ya kwanza ya kundi ilikataza mtu kusema kwamba ni mchezo. Mwanachama mpya alipouliza, "Jamani, hii kweli au tunacheza?" kulikuwa na jibu moja tu, na aliyekuwa akilitoa kwa ufundi kuliko wote ni kinyozi, ambaye humo ndani aliitwa Wembe. Alijibu, "Tunacheza nini?" Watu walivunjika mbavu. Mgeni naye baada ya wiki angecheka.

Sheria ya pili ilizaliwa kwa machungu. Mara mojamoja watunzi waliwatuma watu halisi, ambao kundi liliwaita wahusika: mtu amekaa mahali pa wazi na kitu kisichokaa sawa, pengine mwavuli siku ya jua, pengine viatu vya rangi mbili. Mhusika alitazamwa, akapigwa picha, akasomwa. Siku moja seremala mmoja wa kundi, Msumari, alishindwa kujizuia, akamshika mhusika mkono wa shati na kumuuliza, "Bwana, funguo ziko wapi?" Yule mtu akajinasua akaondoka, na watunzi wakanyamaza karibu nusu mwaka. Kundi likakaa kama limo matangani. Msumari aliomba radhi mpaka akachosha. Tangu hapo ikaandikwa juu kabisa, mahali ambapo kila anayeingia anaiona: usimsemeshe mhusika, hata akikusemesha.

Chiriku alipokwenda chuo cha uuguzi, mbali, baba na mwana waliendelea kukutana kundini. Wazazi wengine huwapigia watoto simu kuuliza kama wamekula. Hawa wawili walirushiana mafumbo, wakapongezana, wakataniana mbele ya watu, na kinyozi akalala kila siku akijua kwamba amezungumza na mwanawe. Saluni alitamba. "Nesi wangu," alisema, "akimaliza nitanyoa wagonjwa bure." Wateja nao wakaanza kumuulizia nesi, na yeye akawa anajibu nesi hajambo, nesi yuko mtihanini.

Jioni moja Chiriku akaandika kundini: "Milango yote nimegonga. Kuanzia kesho sina pa kulala."

Watunzi walikuwa kimya siku nyingi na kundi lilikuwa na njaa ya fumbo. Wakairukia sentensi ile kama kuku waliomwagiwa mtama. Aliyetangulia mbio alikuwa Wembe. Alichukua herufi za mwanzo, akaziruka, akazipindua, akapata kitu kinachofanana na jina la mtaa. Akakitupia kundini na sifa zikamiminika. Wembe mkali! Wembe hakuna kinachokupita! Akamwandikia mwanawe: "Umenifundisha mwenyewe, usilie nikikushinda." Chiriku hakujibu. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena, na kuna mtu aliyeandika kwamba huenda watunzi wamemchukua awe mhusika, heshima iliyoje. Kinyozi alilala na neno hilo siku mbili. Lilimpendeza.

Siku ya tatu halikumpendeza tena, akapanda gari kwenda chuoni. Huko karani alipekua, akapekua tena, akamwambia, "Huyu hayupo hapa tangu muhula uliopita, mzee. Alirudia mtihani, ukamshinda tena. Hamkuambiwa?" Msichana aliyekuwa akimpa Chiriku nafasi ya kulala chini chumbani kwake alisimama koridoni akilia. Mwenye nyumba alikuwa amemkataza kuweka mtu. "Nilimwambia arudi nyumbani, baba. Alisema hawezi. Alisema saluni nzima inamwita nesi."

Kinyozi hakuwa na pengine pa kupiga kelele. Palikuwa na kundi, watu mamia waliotapakaa kila mji, wenye macho ya mwewe, wanaoweza kuijua barabara kwa kivuli cha nguzo ya umeme. Akatuma picha ya mwanawe. Akaandika: "Huyu ni mwanangu. Amepotea. Mkimwona mshikeni, mwambieni baba yake hana hasira."

"Tumepokea," wakajibu.

"Hili si fumbo!"

"Fumbo gani?" akaandika mmoja, na wengine wakaangua vicheko, maana walijua ni nani aliyewafundisha kujibu hivyo.

Wakaanza kazi. Wakahesabu vifungo vya gauni. Wakasoma kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yake. Kadiri baba alivyosihi ndivyo walivyomsifu kwa kuishika nafasi yake vizuri. Alipoandika, "Nimeshindwa, chukueni mji, chukueni miji yote, nipeni mtoto wangu," wakafungua ramani wakaanza kutafuta huo mji ni upi. Na kesho yake mwanamke anayeitwa Kengele, aliyezoea kulichekesha kundi kwa ujumbe wa sauti kuhusu kazi yake ya kutangaza treni, akarusha picha ya benchi la kijani. "Nimempata!!!"

"Mshike!" aliandika kinyozi, akikosea herufi mara mbili. "Dada, mshike, usimwache apande!"

"Anatujaribu," mtu akasema.

"Msijali," Kengele akajibu. "Simgusi."

Ndiyo maana sasa alikuwa anapanda ngazi nyembamba pembeni ya ofisi ya tiketi, akifuata ilikotoka sauti. Juu palikuwa na chumba kidogo chenye dirisha pana lililotazama reli. Ndani mlikuwa na meza, kipaza sauti, chupa ya chai, na mwanamke mnene wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kijana wa kukata tiketi alikuwa ameegemea ukuta na kikombe mkononi. Dirisha lake chini lilikuwa limefungwa mpaka treni itakapokaribia.

"Hodi."

"Karibu, mzee," alisema mkata tiketi. "Kama ni tiketi, subiri kidogo, nakuja huko chini."

"Namtaka dada anayetangaza."

"Mama, una mgeni. Leo na wewe umekuwa mtu."

Mwanamke akageuka akitabasamu. "Karibu, kaka. Nikusaidie nini?"

"Mimi ni Wembe."

Tabasamu likabaki lilipokuwa, lakini nyuma yake kila kitu kikabadilika. Akafumba mdomo. Macho yakashuka kwenye viatu vya kinyozi, yakapanda kwenye begi, yakasimama kwenye kola. Mkono ukaenda kwenye simu polepole, kama mtu asiyetaka kumshtua ndege.

"Dada, nimekuja kwa ajili ya mwanangu."

Simu ikalia kwa kupiga picha.

"Yule wa kwenye benchi. Uliyempiga."

Ikalia tena. Mkata tiketi akaweka kikombe chini. "Mama, mtu anaongea na wewe! Umemeza ulimi? Msamehe, mzee, huyu ana ugonjwa wa simu. Juzi kampiga picha mlevi aliyelala kwenye reli, akaniambia ile ni ramani."

Kinyozi alimtazama mwanamke yule akajiona mwenyewe. Alijua anachofikiri, neno kwa neno. Alijua kwamba machozi yangekuwa alama, na kitambulisho kingekuwa alama, na akianguka pale sakafuni angeangukia upande fulani na upande huo ungekuwa na maana. Basi akasema neno lililokuwa halijasemwa na mtu yeyote wa kundi lile tangu siku lilipoanzishwa.

"Dada, ni mchezo."

Mkono wenye simu ukasimama.

"Mpiga Chapa hayupo. Kuna watu wanakaa mahali wanatunga, na sisi tunacheza. Nimecheza miaka na miaka, nimeupenda, sijutii kuupenda. Ni mchezo. Mwanangu si mchezo. Nimemzaa mimi, mama yake nimemzika mimi. Naomba uniambie ulichokiona."

Kengele akaiweka simu mezani, kioo chini, akavuta kiti akakaa.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, kaka."

"Niambie."

"Nilimwona kutoka hapa dirishani. Nikashuka. Nikapita mbele yake nikimwangalia, nikafika pale mwisho, nikarudi. Nadhani alifikiri namtafutia kosa, labda amekaa pasiporuhusiwa. Akainuka nusu." Akasita. "Akanisalimia."

"Akasemaje?"

"Akasema, shikamoo mama."

Mkata tiketi, aliyekuwa bado anatabasamu, akaacha.

"Ukaitikia?"

"Sikuitikia." Alikuwa anaongea na meza. "Nilifurahi. Sikufichi. Nikasema moyoni, huyu mhusika hodari, ananijaribu, hanipati. Nikampita."

"Halafu?"

"Halafu akarudia. Alidhani sijasikia."

Kinyozi alitikisa kichwa taratibu, kama anavyofanya pale mteja anapomwelekeza mahali pa kupunguza. Alimlea mtoto yule mwenyewe, bila mwanamke ndani ya nyumba, na watu walizoea kumwambia kwamba hata kama hakumfundisha kingine, salamu amemfundisha. Alimwona akiinuka nusu, mkoba mkononi, siku kadhaa bila paa zikiwa nyuma yake, akimsalimia mtu mzima wa kwanza aliyemkaribia. Na tena.

"Mimi aliniambia hana pa kulala," alisema. "Mimi baba yake. Nikachukua herufi za mwanzo."

Kengele akainua macho. "Lile la milango?"

"Lilelile."

"Nilikupongeza siku ile," alisema mwanamke, na hapo ndipo alipoanza kulia, bila sauti, kama mtu anayejua kwamba kipaza sauti kiko karibu.

Mkata tiketi alijikohoza. Alikuwa ameishusha sauti yake yote ya utani. "Mzee, tiketi nilimkatia mimi. Ya mwisho wa reli. Aliniuliza kule mwisho kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, dada'ngu, kuna mwisho tu." Akajipangusa mdomo. "Nilikuwa natania."

Kilichotokea mwisho wa reli kinyozi alikuwa amekwisha kukijua. Habari zake zilimkuta ndani ya treni, njiani, simu ikitetemeka mapajani. Kundi lilikuwa limekokotoa treni gani amepanda na itafika lini, na wanachama wa upande ule wakajipanga jukwaani kumngoja. Walikuwa kiasi cha watu kumi, wamesimama mstari, simu juu, hakuna aliyefungua kinywa. Mmoja wao alirusha picha: mgongo wa msichana anavuka reli kwa upande usio na jukwaa, mkoba umemdondoka begani, picha imefifia kwa mwendo. Chini yake aliandika, "Katuona akakimbia! Hili fumbo ni tamu kuliko yote!"

Watu wengine wangeshangaa kwa nini mtu akimbie watu wanaomtazama tu. Chiriku hakuwa na la kushangaa. Aliijua sheria ile kuliko wao; alikuwepo ilipoandikwa. Alishuka kwenye treni akawaona wenzake, watu aliokesha nao, aliowachekesha, akaelewa wanamtazama kama nini.

"Ngoja," alisema Kengele ghafla, akaichukua simu. "Ngoja niwaambie. Wewe hawakukuamini kwa sababu ni baba, wanadhani unaigiza. Mimi wataniamini." Akavaa miwani, akaandika huku anayasoma maneno kwa sauti: "Jamani, huu ni mchezo. Nimekutana na Wembe ana kwa ana. Msichana ni mtoto wake kweli. Aliyeko mwisho wa reli amtafute, amsemeshe, amshike mkono."

Wakasubiri, vichwa vitatu juu ya kioo kimoja. Majibu hayakukawia.

"Kengele kavunja sheria ya kwanza! Haijawahi kutokea!"

"Haiwezekani aivunje bure. Hesabuni maneno."

"'Amshike mkono.' Mkono upi? Kulia au kushoto?"

"Watunzi wamefungua mlango mpya. Hongera Kengele!!"

Mkata tiketi alisoma akasonya msonyo mrefu. "Hawa watu," alisema, "nyumba ikiungua watahesabu moshi."

Hakuna aliyecheka. Kengele akaandika tena, kwa herufi kubwa, na tena, na kila alichoandika wakakikata vipande. Kinyozi aliitazama kazi ile kidogo. Hakuona ubaya ndani yao. Wangekuwa wabaya ingekuwa nafuu. Kisha akanyoosha mkono, akaishusha simu ya yule mama taratibu mpaka mezani.

"Waache, dada. Niambie treni yangu inafika saa ngapi."

Ilikuwa inaingia. Akashuka ngazi, na Kengele akashuka nyuma yake akivuta kandambili, huku mkata tiketi akikimbilia dirishani kwake, ambako foleni ilikuwa imeanza kupiga kioo. Jukwaani upepo ulikuwa unapeperusha makaratasi. Wasingeambiana lolote kama wasingelazimika kusubiri abiria wateremke.

"Una mtu kule?" aliuliza Kengele.

"Sina. Yule aliyepiga picha ya mgongo, nitaanza na yeye. Jina lake la kundi ninalo."

"Hatakujibu. Atakupiga picha kama mimi."

"Atanipiga. Nitakaa hapohapo mpaka achoke." Akaliweka begi vizuri. "Wewe nilikuchosha."

"Ningekuja na wewe, kaka. Kazi hii..." Akanyoosha kidole juu, dirishani. "Hakuna mwingine wa kutangaza."

"Najua."

"Una hasira na mimi?"

Kinyozi alifikiri, maana aliona swali lile linastahili kufikiriwa. "Ningekuwa nayo ningeipenda," alisema. "Ingenisaidia kukaa macho. Sina. Nikiitafuta nakuta yangu mwenyewe." Akapanda ngazi moja ya behewa, akageuka. "Huenda akapita hapa akirudi. Reli ni moja. Yeye hajui kama namtafuta, simu yake imezimwa tangu mwanzo. Mwambie saluni hakuna anayeuliza habari za nesi. Nimewaambia wote, kiti kwa kiti, kabla sijafunga mlango. Mwambie baba yake kasema mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Na umpe kitu ale."

"Nitampa, kaka. Nitamlaza kwangu."

Akaingia ndani. Alipata kiti upande wa pili, ambako dirisha halikutazama jukwaa, kwa hiyo Kengele aliona bega lake tu, na kisogo, na mkono ukipandisha begi kwenye chuma. Walinzi wakafunga milango. Treni ikajivuta kwa kishindo, behewa kwa behewa, ikaanza kwenda, na mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya vifurushi vyake akaruka ghafla akikimbia kandokando yake na kupiga ubao kwa kiganja, "Hii ya wapi? Hii ya wapi jamani? Mbona hamsemi?"

Mkata tiketi alitoa kichwa dirishani. "Mama!" alimwita Kengele. "Treni imeondoka hukuitangaza!"

Alikuwa amesimama kando ya benchi, mikono imeshika miwani. Simu ilikuwa juu, mezani, na bila shaka ilikuwa bado inatetemeka. Abiria waliobaki walimzunguka, wengine kwa matusi, wengine kwa kusihi, kila mmoja akitaka kujua treni iliyoondoka ilikuwa ya wapi, na yeye akaanza kuwajibu mmoja mmoja, kwa sauti yake ya mdomo, isiyofika mbali.